Tatu au Nane? Namna ya Kufanya Maandishi Madogo Yasomeke kwenye Lebo

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu mimi hupata kazi ya kutengeneza lebo za juisi, mvinyo na zabibu kavu. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Hombolo alinirudia na chupa yake mkononi. "Mwanangu," aliniuliza, "hii ni tatu au nane?" Alikuwa akionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi. Jina la juisi lilisomeka vizuri na kichala cha zabibu kilipendeza, lakini maandishi ya chini yalikuwa chenga tupu. Stika 500 zilikuwa zimeshachapwa. Nilizichapa upya kwa fedha yangu, kisha nikakaa chini kujifunza nilipokosea.

1. Anza na ukubwa halisi

Kompyuta huchora herufi kwa kujaza vyumba vidogo vya mraba, yaani pikseli. Herufi ya saizi 6, kwenye faili la pikseli 72 kwa inchi, hupata kimo cha pikseli 6 tu. Humo tatu na nane hazina nafasi ya kutofautiana. Kwenye pikseli 300 kwa inchi, saizi hiyohiyo hupata pikseli 25. Kwa hiyo lebo ya sentimita 6 kwa 9 ifungulie faili la pikseli 709 kwa 1063 tangu mwanzo. Kuongeza pikseli baada ya kazi kuisha hakurudishi kilichopotea.

2. Maandishi yabaki maandishi

Kosa langu kubwa lilikuwa kuandika kwa saizi kubwa, kuunganisha leya zote, kisha kupunguza picha nzima. Andika kwa saizi ile itakayochapwa, na leya ya maandishi iache peke yake hadi mwisho. Kama lebo ina maelezo mengi, weka picha kwenye Photoshop au GIMP, halafu maandishi yaandike kwenye Inkscape, ambayo huhifadhi herufi kama mistari na siyo pikseli.

3. Chagua fonti inayovumilia udogo

Fonti za madoido na zenye mistari myembamba ziache kwa ajili ya jina la bidhaa. Kwa maelezo madogo natumia Verdana. Matthew Carter aliichora kwa ajili ya Microsoft, ikatoka mwaka 1996, ikilenga hasa kusomeka kwenye skrini: herufi zake ndogo ni ndefu, pana, na zimeachiana nafasi. Ukitumia fonti nyingine, ongeza kidogo nafasi kati ya herufi.

4. Angalia kingo kwa asilimia 100

Programu hulainisha kingo za herufi kwa kuweka pikseli za kijivu pembeni. Kwenye herufi kubwa hupendeza. Kwenye ndogo, hasa za kuonekana kwenye simu, huleta ukungu. Jaribu kila chaguo la ulainishaji, ukiangalia kwa asilimia 100. Ukikuza hadi 400 utahukumu kitu ambacho mteja hatakiona.

5. Rangi na wino

Maandishi madogo yawe meusi ya wino mmoja. Weusi uliochanganywa kwa wino nne hutaka rangi zote ziangukie mahali pamoja. Zikipishana kidogo tu, herufi hupata kivuli. Ukiandika kwa nyeupe juu ya zambarau, nenepesha herufi, maana wino husambaa na kuzila.

6. Hifadhi na utume vizuri

JPEG hubana picha kwa kupunguza taarifa zake, na kingo za herufi ndizo huumia kwanza. Kwa mchapaji peleka PDF. Kwa skrini tumia PNG. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokyumenti, usitume kama picha.

7. Mpe mtu mzima asome

Kabla ya kuagiza stika, chapa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake halisi, uibandike kwenye chupa, umpe mtu mwenye umri wa mzazi wako. Akisita kwenye tarakimu hata moja, rudi kwenye kompyuta.

Jina kubwa humvuta mnunuzi, lakini viambato na tarehe ndivyo vinavyomlinda yeye na watoto wake. Ndugu mbunifu, anza kazi yako na herufi hizo ndogo, ndipo uje kwenye mapambo.