Ili msikatizane kwenye simu ya Minnesota

Ukiwa Kebirigo au Keroka na mwanao yuko Minnesota, walikojaa Abagusii wenzetu, bila shaka yamekupata haya: unasema "Bwakire", kimya, unarudia, na papo hapo jibu la salamu ya kwanza linakuangukia. Mnakatizana, mnanyamaza pamoja, na bando linakwisha mahari hayajazungumzwa. Sauti ni safi kabisa, ila inachelewa.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Kutoka Nyamira hadi Minneapolis ni zaidi ya kilomita 12,000, na ndani ya faiba safari hiyo hula milisekunde 60 hata kama waya ungenyooka, nao haunyooki. Hapo huna la kufanya. Linda milisekunde zilizobaki.

Sauti ya simu za intaneti mara nyingi hubanwa na kodeki iitwayo Opus, iliyoidhinishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Huikata sauti vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, na kila kipande hubeba anwani ya baiti 40 hivi. Sauti ikibanwa hadi kilobiti 16 kwa sekunde, kipande chenyewe nacho ni baiti 40: sawa na kumtuma boda boda na mkungu mmoja, nauli ikafikia bei ya ndizi. Vipande vya milisekunde 60 huokoa nauli, lakini boda husubiri mikungu mitatu ndipo iondoke, na ikianguka njiani yote mitatu imepotea. Programu yako ikikuruhusu kuchagua, baki na milisekunde 20, upunguze kilobiti. Kilobiti 16 zinatosha kwa mazungumzo. Kwenye WhatsApp, washa mpangilio wa kupunguza data ya simu.

Toka bondeni, simama mahali pamoja. Mawimbi yakikatwa na kilima, vipande hufika ovyo, na simu ya upande wa pili huvizuia kwanza ivipange. Kama ni waifai, watoto wasimamishe video kwa muda huo.

Visikizi vya Bluetooth viweke kando. Mara nyingi huongeza milisekunde 100 na zaidi. Vya waya ni vya bei nafuu na haviongezi kitu. Na mkiwa wengi ukumbini, msiwashe spika: simu hupambana na mwangwi, na katika kuufuta humeza maneno ya anayesema. Mpe mama visikizi aanze yeye, kisha mpokezane.