Proforma Isizame Kwenye Spamu: Mwongozo kwa Maduka ya Jumla Kariakoo

Kariakoo biashara inaendeshwa kwa WhatsApp, hilo halina ubishi. Lakini afisa ununuzi wa hoteli Zanzibar, mhasibu wa shule Dodoma na mfanyabiashara wa Lubumbashi bado wanataka bei na proforma kwa barua pepe, maana ndiyo inayoingia kwenye faili. Ikiangukia spamu hawakutafuti. Wanaona umewapuuza, wanahamia duka la jirani.

Kazi yangu ni kuyawekea sawa barua pepe maduka ya jumla ya Msimbazi, Kongo na Aggrey. Wenye maduka wengi huanza na swali lilelile: "Nibadilishe maneno gani ili zipite?" Maneno ni ya mwisho. Chujio la Gmail au Yahoo linataka kwanza kujua wewe ni nani, kisha kama unaowaandikia wanakutaka. Nami nafuata mpangilio huohuo.

1. Tuma kwa jina la duka

Anwani ya bure ya Gmail inatosha kumjibu mteja mmoja mmoja. Kwa matangazo haifai: mwisho wake ni wapokeaji 500 kwa siku. Ukiiweka kwenye programu ya kutuma kwa wingi, barua inadai imetoka gmail.com ilhali imetoka kwingine, na hapo inafanana na ya kughushi. Sajili kikoa chako cha .co.tz, halafu mwambie fundi wa tovuti aweke vitu vitatu kwenye DNS:

SPF ni orodha ya mitambo yenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. Barua za ofisini na programu ya matangazo ziingie kwenye mstari mmoja; mistari miwili ya SPF huharibu yote.

DKIM ni sahihi ya kidijitali inayothibitisha kuwa barua haikubadilishwa njiani.

DMARC humwelekeza mpokeaji afanye nini na barua isiyothibitika kuwa ni yako. Anza na v=DMARC1; p=none ambayo haizuii kitu. Ukishahakikisha barua zako halali zote zinapita, panda hadi p=quarantine.

Tangu Februari 2024, Gmail inadai vyote vitatu, pamoja na njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, kwa anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye anwani zake. Yahoo nayo ina masharti ya aina hiyo. Duka lako halifiki huko, lakini viweke. Kikoa kisicho navyo kinaanza safari kikiwa mtuhumiwa.

2. Orodha ijengwe kaunta

Atatokea kijana wa kukuuzia flashi yenye "imeili za mabosi wote wa Dar". Mwache aende nayo. Nusu ya hatari ni anwani zilizokufa; nusu nyingine ni watu wasiokujua, watakaobonyeza "spamu" bila kusoma. Gmail inataka malalamiko yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila barua 1,000. Kwa duka lenye wateja 300, mmoja tu aliyekasirika anakuvusha mpaka. Na sheria ipo: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mpokeaji wa tangazo awe ameridhia, ajue nani anamwandikia, na apewe njia ya kukataa.

Mteja akisubiri risiti ya EFD, muulize kama angependa kupokea bei mpya. Daftari usimwachie, utavuna "gmail.con" na "yaho.com". Andika mwenyewe, msomee, kisha mtumie salamu palepale.

"Umeiona, dada?"

"Mbona haijaingia?"

"Hebu chungulia kwenye spamu."

Akiikuta huko, abonyeze kuwa si spamu na ahifadhi anwani yako. Kwa simu yake, tatizo kwa kawaida limekwisha.

3. Anayetaka kutoka, atoke

Wenye maduka wengi huficha kiungo cha kujitoa wakiogopa kupoteza wateja. Asiyekiona atabonyeza "spamu", na hilo linakuharibia hata kwa wanaokupenda. Kiweke wazi. Asiyefungua barua zako kwa miezi sita, mwandikie mara moja kumuuliza kama bado anazitaka. Akinyamaza, mfute. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mstaarabu hugeuka.

4. Sasa ndiyo maneno

"OFA!!! WAHI BOSI!!!" haimwambii mteja chochote. "Vitenge vipya: bei ya jumla kuanzia pisi 10" inamwambia afungue au aache.

Bango la picha ulilolitengenezea stetasi ya WhatsApp usilitume peke yake. Andika bidhaa na bei kwa maandishi ya kawaida. Viungo vilivyofupishwa viache, maana matapeli huvipenda. Na usitangaze namba mpya ya malipo kwa barua pepe. Watu waliochoshwa na "ile hela tuma kwenye namba hii" wataiona barua yako kuwa ya haohao, na watakuwa na haki.

Kikoa kikiwa kipya, anza na wateja waliozoea kukujibu, uongeze idadi wiki kwa wiki. Kutoka kimya hadi maelfu ya barua kwa siku moja ndivyo wanavyofanya waliodukua akaunti za watu.

Kabla ya kila tangazo, jitumie nakala kwenye Gmail yako. Ifungue kwenye kompyuta, bofya vidoti vitatu, chagua kuona ujumbe asilia. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC, kila kimoja kikiwa na neno PASS. Kikikosekana hata kimoja, mpigie fundi, tangazo lisubiri.