"Wakati Halisi" Si "Haraka": Istilahi na Usalama wa Mtambo

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, menyu za kompyuta zilipata maneno ya Kiswahili. Kiini cha Linux, yaani programu inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa, hakikuguswa sana na wanaisimu. Makala hii inanuia kushuka huko kwa istilahi mbili tu.

Rafiki yangu hapa Machakos, mwanafunzi wa uhandisi, aliniletea rasimu ambamo "mfumo wa wakati halisi" ulifasiriwa kuwa "mfumo wa haraka". Fasiri hiyo ni ya hatari. Mfumo wa wakati halisi ni ule unaotimiza kazi kabla ya ukomo uliowekwa, kila mara. Tuchukue mtambo wa kufungasha unga: kisu kikichelewa mara moja tu kati ya mara elfu, hukata mfuko katikati, au kidole. Wastani mzuri wa kasi haumfai aliyekatwa.

Ikumbukwe kuwa kisu hicho huongozwa na kiendeshi, nacho hushawishika kutumia fanksheni za kawaida za kiini. Fanksheni kmalloc huomba kumbukumbu. Mutex_lock hushika kufuli. Aghalabu zote mbili huweza kulala, wala haziahidi muda. Katika Xenomai, ambamo kiini kidogo cha pili huitangulia Linux, tatizo huzidi: kazi ya wakati halisi huweza kuikatiza Linux ikiwa imeshika kufuli, kisha ikaita fanksheni inayolitaka kufuli lilelile. Kila upande unamngoja mwenzake, mtambo unaganda.

Kwa hiyo kumbukumbu huombwa mapema, kiendeshi kinapoanzishwa, na kazi zisizo na ukomo, kama kuandika faili, huachiwa upande wa kawaida kupitia foleni. PREEMPT_RT iliyoingizwa katika Linux 6.12 mwaka 2024 imepunguza ucheleweshaji mwingi, lakini kmalloc bado haitoi ahadi.

Kwa maoni yangu, "kulala" nako kunapotosha, kwani kunadokeza pumziko. Napendekeza "kungoja", kitenzi kinachomlazimu msomaji kuuliza: inangoja nini, na hadi lini? Rafiki yangu amekwisha kufuta "haraka" katika rasimu yake. Kuhusu "kulala" bado tunabishana.