Bipola na Kazi: Panga Siku Ukiwa Mtulivu

Unaishi Mugunga, una bipola, na unataka kazi inayodumu. Inawezekana. Ugonjwa huu una siku za kupanda, unapojiona unaweza kununua mtaa mzima wa Birere, na siku za kushuka, ambapo hata kuoga kunakushinda. Katikati kuna siku za utulivu. Hizo ndizo siku za kuamua mambo ya kazi na pesa. Ukiyapanga mapema, siku mbaya zitakuja zikute kila kitu kina mlinzi wake.

Dawa kwanza

Usianze kutafuta kazi kabla matibabu hayajakaa sawa. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, cha Frères de la Charité. Kama nauli ya moto ni tatizo, anzia kituo cha afya kilicho karibu, omba karatasi ya transfert.

Ukijisikia umepona, usiache dawa. Ndizo zinazokushikilia. Na usingoje ziishe. Nenda kuchukua nyingine ukiwa umebakiza za wiki mbili, maana huku kwetu barabara hufungwa bila kuaga.

Dawa ikikulaza asubuhi, usiikatae. Muulize daktari kama unaweza kuinywa jioni tu.

Unakunywa lithiamu na kazi yako ni ya nguvu?

Kusukuma chukudu, kupasua mawe ya volkano, kubeba magunia sokoni Kituku: zote zinatoa jasho jingi. Maji yakipungua mwilini, lithiamu hupanda kwenye damu na kuwa sumu. Kwa hiyo tembea na chupa ya maji, na usiache chumvi ghafla.

Mgongo ukiuma, usikimbilie diclofenac wala ibuprofen. Nazo huipandisha lithiamu. Uliza paracetamol.

Ukianza kutapika, kuhara, kutetemeka sana au kuyumba ukitembea, usinywe dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na damu ipimwe kila daktari anaposema, hata ukijisikia mzima.

Dada, kama unakunywa Dépakine na unaweza kupata mimba, ongea na daktari wiki hii, kwani inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini usiiache mwenyewe.

Tafuta kazi ya mchana

Usingizi ukivurugika, kupanda hakuko mbali. Kwa hiyo kazi ya sentinelle wa usiku ikatae, hata kama mshahara unavutia. Chagua yenye saa zinazojulikana: kushona, kusuka nywele, useremala, kuuza unga au sambaza sokoni, kusaidia dukani. Udereva wa moto usiuanze hadi ujue dawa inakufanyaje. Barabara ya Sake haimsamehe mtu anayesinzia.

Anza na nusu siku, au siku tatu kwa wiki. Ongeza polepole.

Linda usiku wako

Matanga nenda, mkesha wa maombi nenda, lakini aga mapema urudi kulala. Wanaokupenda wataelewa.

Kama milio ya risasi imekunyima usingizi, kesho yake fanya kazi nyepesi na ulale mapema. Lakini ukikosa usingizi usiku kucha na asubuhi bado una nguvu nyingi, hiyo ni alama ya kupanda. Ikitokea usiku wa pili, usiende kazini. Nenda kituo.

Pesa isikae mkononi

Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na watu wakazoea kuficha pesa nyumbani. Kwako hilo ni hatari maradufu. Siku za kupanda, mtaji wa mwezi mzima unaweza kuugawa kwa saa moja.

Jiunge na AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku lake lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Hutalifungua peke yako usiku wa manane.

Tenganisha mtaji na faida. Mtaji ukae kwa mama, dada au mke unayemwamini, au kwenye laini ya M-Pesa ambayo namba yake ya siri anaijua yeye. Wewe shika pesa ya siku tu.

Jiwekee sheria: kitu chochote kikubwa kinasubiri siku mbili na ndiyo ya mtu wa pili. Mkopo, shamba, pikipiki, hata zawadi kwa rafiki.

Mwambie mtu mmoja, si mtaa mzima

Jina la ugonjwa si lazima ulitaje. Ongea na patron au mwenzako mmoja, kwa maneno machache: "Patron, niko na ugonjwa, na nakunywa dawa. Mara moja kwa mwezi nitaomba asubuhi moja ya kuonana na daktari. Ukiona nimeanza kuongea mbio kuliko kawaida, mpigie dada yangu. Namba yake ni hii."

Watakaosema umelogwa watakuwepo. Usipoteze nguvu kubishana nao. Omba Mungu na unywe dawa, vyote viwili. Lakini chumba cha maombi kinachokuambia utupe vidonge au ufunge bila maji, toka. Kwa anayetumia lithiamu, kufunga bila maji ni hatari.

Andika alama zako

Chukua karatasi. Upande mmoja andika dalili tatu za kupanda: labda kulala kidogo, kukopesha kila mtu, kugombana na wateja. Upande wa pili tatu za kushuka: kuchelewa kuamka, kukosa hamu ya kula, kuzima simu. Mpe nakala mtu mmoja unayemwamini; huyo ndiye mtu wako. Mkubaliane kwamba akisema "twende kituoni," hubishi.

Siku za kushuka, punguza, usizime

Toka nyumbani saa ileile, hata kama utafanya kazi moja tu. Fungua meza, uza saa mbili, rudi. Kama huwezi kabisa, tuma ujumbe mapema kuliko kupotea kimya.

Mawazo ya kufa yakija, usibaki peke yako hata dakika. Mwite mtu, mwende naye kituo cha afya, iwe mchana au usiku.

Kama una mkataba, jua haki yako

Sheria ya kazi ya Congo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema ugonjwa unasimamisha mkataba, hauuvunji. Mwajiri anaweza kuuvunja kwa sababu hiyo baada ya miezi sita mfululizo ya kutoweza kazi, si wiki mbili. Ila lazima umpe karatasi ya daktari. Omba certificat médical, peleka haraka, baki na kopi. Hospitali haina lazima ya kuandika ugonjwa wote humo. Inatosha kusema huwezi kufanya kazi, na kwa siku ngapi.

Umerudi baada ya kuugua?

Usijifiche. Nenda kwa patron au wateja, omba radhi mara moja, kwa sentensi mbili, basi. Deni ulilolikuta, liandike na ulilipe kidogo kidogo kila Jumamosi. Wiki ya kwanza fanya nusu siku. Watu huanza tena kukuamini wanapokuona unafika saa ileile kila siku.

Kama una muda wa jambo moja tu leo, chagua yule mtu wako. Mpigie, mwonyeshe dawa zako, mpe namba ya kituo. Mengine mtayapanga pamoja Jumapili.