KABLA HATUJAUZA NG'OMBE KWA KARO YA CHUO CHA HOTELI



Somo letu safari hii limetokana na swali ambalo tunaulizwa kila matokeo yakitoka. Mtoto amemaliza Fomu Foo, hakupata alama za yunivasiti, na sasa anasema anataka kusomea hoteli na utalii. Je, tumchangie?

Sisi huku Taita swali hili linatugusa sana. Magari ya watalii yanapita Voi yakienda Tsavo. Ndovu nao wanatoka huko huko Tsavo kuja kumaliza mahindi yetu usiku, na asubuhi watu wa mbali wanalipa pesa ili wawapige picha. Kwa hivyo mzazi akisikia kwamba mtoto wake anaweza kupata riziki kwa hao ndovu, moyo lazima umdunde.

Lakini tuliumia, na tunawaambia ili ninyi msiumie. Kikundi chetu kilichanga, mzazi akauza ng'ombe wa maziwa, binti akapelekwa chuo fulani cha mjini, kile cha vyumba viwili juu ya duka. Akasoma mwaka mzima. Alipopeleka cheti kuomba kazi aliambiwa karatasi hiyo haitambuliki. Chuo hakikuwa kimesajiliwa. Mtihani walitunga wenyewe, wakasahihisha wenyewe, wakagonga muhuri wenyewe. Yule ng'ombe hakurudi.

Basi kabla ya harambee yoyote, watu wawili wa kikundi waende chuoni na maswali mawili. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, ile mamlaka ya vyuo vya ufundi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013? Na je, mtihani wa mwisho unatolewa na nani? Wakitaja KNEC, TVET CDACC au NITA, waombeni barua au cheti cha kuonyesha, kisha mkahakikishe. Chuo kizuri hakikasiriki kikiulizwa. Kikianza kuwaharakisha eti nafasi zinaisha leo, rudini nyumbani na pesa zenu.

Wengi wakisikia habari za hoteli wanafikiria tu Utalii College ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Ni chuo chenye jina, lakini si mlango wa pekee. Ziko polytechnic za kaunti, ambazo wazee watakumbuka zilianza kama polytechnic za vijiji baada ya baraza la makanisa, NCCK, kuuliza mwaka 1966 watoto wafanye nini baada ya shule. Huko karo kwa kawaida ni nafuu, na hata aliyeishia njiani anaweza kupokelewa. Diploma kwa kawaida hutaka C minus, na ngazi za chini hutaka pungufu ya hapo. Aliyepangiwa chuo cha serikali na KUCCPS anaweza kuomba HELB. Huo ni mkopo, atakuja kuulipa.

Sasa, wanajifunza nini? Baba mmoja alituuliza kikaoni, "Kupika ugali ni kitu cha kulipia karo?" Tulicheka, lakini ni swali. Wako wanaosomea mapokezi, wengine usafi wa vyumba, wengine kuhudumia meza, wengine kuongoza watalii. Aliye jikoni anafundishwa kwamba chakula kikikaa kati ya digrii 5 na 60 vijidudu vinazaana haraka, kwa hivyo cha moto kikae moto na cha baridi kikae baridi. Anafundishwa kwamba kilichoingia stoo kwanza ndicho kitoke kwanza. Na anafundishwa hesabu.

Hapo kwa hesabu ndipo tulipofunguka macho. Kikundi chetu kina hema, sufuria na sahani za kukodisha, na tunapikia harusi na matanga. Siku moja tulipikia watu 100 kilo 20 za mchele. Mbwa wa kijiji wanaikumbuka siku hiyo. Kijana aliyetoka polytechnic alituambia tuhesabu gramu 120 za mchele mkavu kwa mtu, yaani kilo 12, nao wakashiba. Akatuonyesha pia kwamba gharama ya vyakula isizidi kama theluthi moja ya bei tunayotoza, kwa sababu kuni, usafiri, sahani zinazovunjika na jasho letu pia ni gharama. Sisi tulikuwa tunajumlisha mchele na nyama tu, halafu tunashangaa faida imekwenda wapi.

Kwa maoni yetu, mtoto asisomeshwe kwa ajili ya watalii peke yao. Utalii unayumba. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 zilifunga hoteli nyingi za Pwani. Mwaka 2020 korona ikasimamisha ndege, na vijana wetu wakarudi nyumbani na mifuko yao. Hata mwaka wa kawaida, masika ya Aprili hadi Juni wageni Pwani hupungua na vibarua ndio wa kwanza kuambiwa wapumzike. Anayejua kupikia mkutano, shule au hospitali ana pa kwenda miezi hiyo.

Msisahau gharama za pembeni. Kuna sare nyeupe, visu, na cheti cha afya ambacho mshika chakula hupimwa upya kila miezi sita. Kuna pia atachimenti, ile miezi ya mazoezi hotelini, ambayo mara nyingi hailipwi na mtoto anahitaji nauli na mahali pa kulala. Huko ndiko wasichana wengine husumbuliwa na wakubwa wa kazi. Tusimwambie binti avumilie. Awe na namba ya mama mmoja wa kikundi anayeweza kumpigia hata usiku, na chuo kijulishwe.

Maswali ya kikundi: Katika kijiji chetu, nani anapikia mikutano na harusi, na pesa hizo zinaenda wapi? Tukimchangia mtoto huyu, tunakubaliana naye nini kwa maandishi? Nani wawili watakaokwenda kukiona chuo, na watakwenda siku gani?