KUFUNDISHA ATHARI MBILI ZA MKONDO WA UMEME: SUMAKU NA JOTO

Utangulizi

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulifika katika shule ya msingi iliyo karibu na Lulindi, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, kumtazama mwalimu mwanafunzi akifundisha somo la umeme katika darasa la sita. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na zana zake zilikuwa zimepangwa vizuri mezani: msumari, waya wa shaba, seli kavu mbili na pini. Aliuzungusha waya msumarini, akaunganisha ncha zake na seli, akausogeza msumari kwenye pini. Hakuna pini iliyoinuka. Akajaribu mara ya pili na ya tatu. Mtoto mmoja wa kike aliyeketi mbele akasema, "Mwalimu, haunasi." Mwalimu akatazama saa yake, akaugeukia ubao, akaandika: "Msumari ulinasa pini nyingi." Watoto wote wakanakili.

Kosa la kwanza la mwalimu huyo, yaani jaribio kushindwa, lilikuwa dogo, nalo lina dawa. Kosa la pili lilikuwa kubwa. Siku ile watoto walifundishwa kwamba katika sayansi macho ya mtu si kitu mbele ya maandishi ya ubaoni. Nasi wakufunzi hatukuwa bila lawama, kwa maana andalio lile tulilitia sahihi bila kumwuliza mwenyewe kama amelijaribu. Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi ya kufundisha athari za sumaku na joto za mkondo wa umeme kwa namna ambayo mtoto ataandika lile tu aliloliona.

Kwa nini somo hili ni la lazima

Mtoto wa Masasi au Newala hukutana na athari hizi kila siku. Maji yanayotoka Mitema, katika bonde la Kitangari, hupandishwa uwandani kwa pampu za umeme. Na mota ya pampu huzunguka kwa nguvu ya sumaku inayotokana na mkondo. Pasi ya umeme huwaka moto kwa athari ya joto. Nyumba ambayo fyuzi yake imetolewa na kuwekwa kipande cha waya mnene yaweza kuungua kwa athari hiyo hiyo. Kwa hiyo somo hili si la mtihani peke yake. Ni la usalama wa nyumba anakotoka mtoto.

Zana

Zana zote hupatikana bila gharama kubwa: seli kavu kubwa mbili za tochi zilizo mpya, msumari wa chuma wa kiasi cha sentimita 10, pini, sindano ya kushonea, beseni la plastiki, sumaku ya spika ya redio mbovu, stilwaya ya kusugulia masufuria, na kigae chenye mchanga. Waya unaotakiwa ni wa shaba uliopakwa vanishi. Mafundi redio hutupa transfoma mbovu, na ndani yake mna waya huo.

Tuonye juu ya seli. Watu wengi huanika juani betri za redio zilizochoka ili zipate nguvu tena. Nguvu hiyo hudumu kitambo kidogo tu. Seli ya namna hiyo isitumike darasani.

Hatua ya kwanza: sindano inayogeuka

Mwaka 1820, huko Copenhagen, mwalimu Hans Christian Ørsted alikuwa akitoa mhadhara mbele ya wanafunzi wake alipoona sindano ya dira ikitikisika karibu na waya wenye mkondo. Hivyo ikajulikana kwamba umeme na sumaku vina uhusiano. Inafaa tukumbuke kuwa ugunduzi huo unahusishwa na chumba cha somo, na kwamba mwalimu hakukipuuza alichokiona.

Isugue sindano kwa sumaku ya spika kama mara thelathini, daima kwa kuelekea upande mmoja, kisha iweke juu ya jani kavu linaloelea katika beseni. Peleka spika mbali. Sindano itatulia ikielekea kaskazini na kusini. Waulize watoto Ruvuma uko upande gani, nao watakuonyesha kusini bila shida. Sasa nyosha waya juu ya sindano, sambamba nayo, karibu sana lakini bila kuigusa. Unganisha seli kwa muda mfupi tu. Sindano itageuka. Geuza seli, ncha ya mbele iwe nyuma. Sindano itageukia upande wa pili.

Waya ukiukingama mwelekeo wa sindano badala ya kuwa sambamba nayo, sindano yaweza isigeuke hata kidogo. Mwalimu asiyejua jambo hili atadhani seli zimekufa.

Hatua ya pili: sumaku-umeme

Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon alionyesha kwamba chuma kilichozungushiwa waya wenye mkondo huwa sumaku yenye nguvu. Watoto wafanye vivyo hivyo kwa makundi. Wazungushe waya mara 20, wahesabu pini zilizonaswa. Kisha wazungushe mara 40, wahesabu tena. Kila kundi lichore jedwali la safu mbili: idadi ya mizunguko na idadi ya pini. Wakate mkondo na kutazama pini zikianguka. Baada ya hapo tu ndipo mwalimu aulize: "Mnaonaje? Nguvu ya sumaku hii inategemea nini?"

Mwalimu wetu wa Lulindi alitumia waya mtupu usio na vanishi. Mizunguko iligusana yenyewe kwa yenyewe na kuugusa msumari, na mkondo ukapita njia ya mkato badala ya kuufuata waya wote. Msumari haukupata mizunguko kwa kweli, ingawa macho yaliiona. Kwa upande mwingine, mwenye waya wa vanishi asipoikwangua mipako kwenye ncha zote mbili kwa wembe au msasa, mkondo hautapita kabisa. Makosa haya mawili ndiyo chanzo cha majaribio mengi yanayoshindwa.

Hatua ya tatu: uzi unaowaka

Toa uzi mmoja mwembamba wa stilwaya, uulaze juu ya kigae chenye mchanga, na uguse ncha zake kwa nyaya mbili zitokazo kwenye seli mbili zilizounganishwa kwa kufuatana. Uzi utakuwa mwekundu, kisha utakatika. Waulize watoto: "Mkondo ulipita katika waya wa shaba na katika uzi. Mbona uzi ndio uliowaka?" Waache wabishane. Uzi ni mwembamba na ni wa chuma. Unaupinga mkondo zaidi kuliko shaba nene, na hapo ndipo joto linapozaliwa.

Kwa faida ya mwalimu mwenyewe, tukumbuke kanuni aliyoitangaza James Joule mwaka 1841: mkondo ukiongezwa mara mbili katika waya ule ule, joto huongezeka mara nne. Kanuni hii haifai kuandikwa ubaoni kwa watoto wa darasa la sita, lakini humfanya mwalimu awe mwangalifu.

Uzi uliokatika ndio fyuzi. Watoto wakielewa kwamba fyuzi hukatika ili nyumba isiungue, wataelewa pia kwa nini kuweka waya mnene mahali pake ni kumfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi. Na mahali penye sakiti breka, chombo kimoja hutumia athari zote mbili: sumaku yake hukata mkondo mara moja unapozidi sana, na kipande chake cha metali hujikunja kwa joto na kuukata unapozidi kidogo kwa muda mrefu.

Tusitumie taa ya LED kama mfano wa athari ya joto, kwa kuwa mwanga wake hautokani na uzi uliopata moto. Tochi nyingi za siku hizi ni za aina hiyo.

Hadhari

1. Umeme wa nyumbani usitumiwe kamwe katika majaribio haya.
2. Betri ya pikipiki, ya gari au ya sola isitumiwe. Mkondo wake ni mkubwa na waya waweza kuunguza vidole papo hapo.
3. Waya usiachwe umeunganishwa na seli kwa zaidi ya sekunde chache. Hupata moto, na seli huisha.
4. Uzi wa stilwaya uwashwe mbali na nyasi, karatasi na nguo.

Jaribio likishindwa

Mwalimu alijaribu kila jaribio jioni ya kuamkia somo, kwa zana zile zile atakazozitumia. Hata hivyo laweza kushindwa mbele ya watoto. Likishindwa, aandike ubaoni kilichoonekana, kisha aulize pamoja nao: seli ni nzima? Ncha zimekwanguliwa? Waya umefunikwa? Kutafuta kosa kwa utaratibu ni sayansi kamili, wala si aibu.

Hitimisho

Jioni ile tulikaa na mwalimu wetu, tukamwonyesha tofauti ya nyaya mbili. Kesho yake aliingia darasani akasema, "Jana niliwaandikisha jambo ambalo hatukuliona. Lifuteni." Kisha akawapa waya wa vanishi. Kundi la kwanza lilipokosa kunasa pini, yule mtoto wa kike aliitazama ncha ya waya, akaomba wembe. Mwalimu akaikwangua ncha mwenyewe, na msumari ukanasa. Watoto walihesabu pini kwa sauti. Walichokiandika siku ile kilikuwa chao.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu mbili zinazoweza kuufanya msumari usinase pini, na namna ya kuzitambua.
2. Andaa somo la dakika 40 juu ya fyuzi kwa darasa la watoto sitini wenye seli nne tu.
3. Mtoto anakuambia kwamba alichokiona si sawa na kilichoandikwa kitabuni. Utafanya nini?