Dondoo muhimu: Vijiti vya kwanza vya kufungulia kufuli

Kufungua kufuli bila ufunguo ni burudani ya subira na wepesi wa vidole. Ukitaka kuianza, zingatia haya kabla ya kutoa pesa.

1. Anza na vichache: kijiti chenye ncha fupi iliyopinda, kimoja chenye mawimbi, na vikazio viwili au vitatu vya kugeuzia silinda.
2. Epuka seti za vipande 30. Vingi havitatoka mkobani.
3. Chagua chuma cha pua. Chuma laini hupinda, na kikikatikia ndani, kufuli limekwisha.
4. Angalia unene wa kijiti: milimita 0.6 hufaa tundu pana la ufunguo, 0.4 hadi 0.5 tundu jembamba.
5. Papasa kingo kwa kidole. Zikikwaruza, zisugue kwa msasa laini.
6. Usikandamize kikazio: kiguse kwa kidole kimoja tu, la sivyo pini za ndani ya kufuli zitang'ang'ania.
7. Nunua kufuli la bei nafuu la pini 3 au 4 la kufanyia mazoezi.
8. Usijifunzie kwenye kitasa cha mlango wako. Springi ikiharibika, utalala nje.
9. Gusa kufuli lako tu, au la mtu aliyekuruhusu waziwazi.
10. Ukitoka usiku, viache vijiti nyumbani: sheria za Kenya na Tanzania humbana anayekutwa na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali.